Siku Redio ya Bartholomew Ilipoziba Masikio

Kule soko la mbuzi Machakos wananiita Mama Jivu. Wananiita hivyo wazi wazi, wakicheka, na mimi nanuna kidogo kisha nacheka nao. Lakini kila anayeisimulia hadithi hiyo anaisimulia nusu, anasahau mwenye redio. Kwa hiyo kaa hapo nikwambie kuhusu mume wangu Bartholomew.

Bartholomew alikuwa fundi wa simu wa serikali. Nguzo za kutoka Mitaboni mpaka Wamunyu zote alizipanda, na hata akilala alikuwa anaota waya. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa. Wangu mimi alikwenda Nairobi kufanya mtihani, akapewa leseni ya kuongea hewani na watu wa mbali, akanunua redio kuukuu kutoka kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Redio yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo. Ndani ilikuwa na taa za kioo, zile wanazoita valvu, na lazima uiwashe ungoje dakika moja zipate moto ndipo ianze kuongea. Akavuta waya mrefu kutoka kwa mkaratusi wetu mpaka kwa nguzo nyuma ya choo, na chumba cha wageni kikaacha kuwa cha wageni.

Usinione nimetulia hivi. Nilipiga kelele wiki nzima! Kila anayesikilizana naye humtumia kadi kwa posta, ya kushuhudia kwamba walisikiana. Japani, Brazili, Finlandi. Alizibandika ukutani, na hakuniruhusu hata kuzipangusa vumbi. Picha ya harusi yetu iko ndani ya kabati, kadi ya mtu wa Finlandi asiyemjua iko ukutani! Nilimwuliza, "Baba Mutheu, huyo wa Finlandi ndiye atakupikia?" Akajibu pole pole, "Mama Mutheu, huyo alinisikia nikiwa hapa hapa Machakos na waya wa mkaratusi. Wewe hujui hiyo ni kitu gani." Kweli sikujua.

Redio ilikuwa na sheria moja tu nyumbani mwangu: usiweke kitu juu yake. Si kikombe, si kitambaa, si hata miwani yake mwenyewe.

Sasa ukaja mwaka wa tisini na saba, mwaka wa Elnino. Sisi huku Ukambani tumezoea kulilia mvua, na mwaka huo ilinyesha mpaka tukalilia jua. Barabara zilikatika, simu za mbali zilikufa, ukuta wa jikoni ukaota ukungu. Kilichoniuma zaidi ni mbegu zangu za kunde. Mimi mbegu nazihifadhi kama mama yangu alivyonifundisha: unazichanganya na jivu la jikoni, laini kabisa, lililochekechwa, na wadudu hawazigusi mpaka siku ya kupanda. Lakini jivu likishika unyevu, mbegu zinaoza. Nilizianika jikoni, zikakataa. Nilizianika chini ya kitanda, zikakataa. Nyumba nzima ilikuwa na mahali pamoja tu pakavu na penye joto, na wewe umeshapajua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kuanzia asubuhi alikuwa amekaa kwetu Mire, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe hapo mjini, Msomali, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Binti yake Nimco alikuwa ameolewa ng'ambo ya Mto Tana, na alikuwa na mimba ya kwanza. Tana ilikuwa imefurika, hakuna gari la kuvuka, hakuna simu. Kule ng'ambo kulikuwa na zahanati ya watawa, na humo alikuwamo Sista Pauline, muuguzi, ambaye Bartholomew mwenyewe alimfundisha mpaka akapita ule mtihani wa leseni. Basi habari zote za Nimco zilikuwa zinapita kwa Pauline, zinapita kwa waya wetu, zinamfikia Mire kwenye kiti changu cha kamba.

Saa sita sauti ya Pauline ilikuja safi kama yuko sebuleni. "Mzee, nisikilize, betri yangu iko chini, jua hakuna. Nimco ana uchungu siku ya pili. Mtoto amelala kimkingamo. Hapa siwezi. Bila kupasuliwa hatafika asubuhi."

Mire aliweka mkono machoni. Nikamwekea chai.

Bartholomew alipiga simu Nairobi kwa watu wa ndege ya madaktari, na simu hiyo, Mungu ni mwema, ilipita. Walisema ndege ipo, ila rubani hataruka mpaka mtu aliyesimama kwa miguu yake kwenye kiwanja cha ndege cha kule kwa Pauline aseme ni kikavu. Juzi yake ndege nyingine ilikwama kwenye matope upande huo huo. Na lazima jibu lifike kabla ya saa kumi, la sivyo giza litamkuta huko. Bartholomew akamweleza Pauline hewani, naye akasema, "Ninakwenda kukitazama kwa miguu. Nitawaita saa tisa. Nitasema dakika mbili, betri haina zaidi."

Basi. Saa tisa Pauline anasema kiwanja kikoje, sisi tunapiga simu, ndege inaruka. Hiyo tu.

Bartholomew aliiacha redio ikiwaka ikae na moto, akapunguza sauti, akatoka na Mire kukaza kamba za nguzo kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Mimi nikabaki na mbegu zangu. Nikaitazama ile redio. Ilikuwa inatoa joto zuri pale juu kwenye matundu yake, joto la bure linapotea tu hewani. Nikasema, nani ataona? Nikaweka ungo wa kunde na jivu lake juu, nikawa nauzungusha kila mara ili zikauke pande zote. Haki ya Mungu, zilikauka! Saa tisa kasorobo nikaziondoa, nikapangusa juu ya redio kwa leso, nikatoka pale kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Saa tisa tulikuwa wote watatu mbele ya redio. Bartholomew akafungua sauti. Kimya. Si kimya cha kuzimika, maana taa zilikuwa zinawaka. Ilikuwa ile sauti ndogo ya shhh, ya mbali, kama sufuria inayoanza kuchemka chumba cha pili. Akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha mpaka kwenye idhaa kubwa za ng'ambo, zile zinazonguruma mpaka unaziba masikio. Zilikuwa zinanong'ona.

"Haisikii," akasema. "Saa sita ilisikia. Sasa haisikii."

"Pauline anaongea sasa hivi?" Mire akauliza.

"Anaongea sasa hivi."

Aiya! Lakini wakati huo sikuwaza jivu hata kidogo, nakuapia. Niliwaza mvua, niliwaza umeme, niliwaza dhambi zangu nyingine.

Bartholomew alishika kipaza sauti. "Pauline, Pauline, kama unanisikia, sisi hatukusikii. Zima, tunza betri. Rudi saa kumi kasorobo. Narudia, saa kumi kasorobo." Akaachia.

Mara mlango ukagongwa kama unavunjwa. Ni Erastus, jirani yetu, mtu wa hasira za karibu, ameshika ufunguo wa kabati la televisheni yake, sijui wa nini. "Bartholomew! Tena umeingia kwa televisheni yangu! Natazama kipindi, unaanza kunguruma kama mtu ako na gunia mdomoni! Hii mambo itaisha lini?"

Siku nyingine zote huwa wanagombana. Siku hiyo mume wangu alimrukia akamkumbatia. "Umenisikia? Umenisikia sasa hivi?"

"Si nimekwambia! Picha yote ikapinda!"

"Basi inatoka!" Bartholomew akapiga makofi. "Sauti inatoka! Waya uko sawa, nguzo iko sawa, Pauline amenisikia. Erastus, ndugu yangu, kaa chini." Erastus akakaa, mdomo wazi, akisahau kukasirika.

Hapo ndipo nilimwona mume wangu kazini kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilimwona anacheza. Alitazama vitufe vyote kimoja kimoja, akivigusa kwa kidole, asije akawa amekipunguza kimoja bila kujua. Viko sawa. Akang'oa plagi ya waya wa mkaratusi nyuma ya redio, ile shhh haikubadilika. Akairudisha, haikubadilika. "Mmeona? Waya uwepo, usiwepo, kwa redio ni sawa. Haiusikii kabisa." Kisha akabonyeza kitufe fulani, redio ikapiga mlio, piiiii, wa nguvu, mpaka Erastus akashtuka.

"Hiyo nini?" nikauliza.

"Hiyo ni redio inajipigia mlio yenyewe, huko ndani. Masikio yake mazima! Waya ni mzima na masikio ni mazima. Ubaya uko katikati."

Mire alikuwa ameinama mbele. Akasema na ile sauti yake ya chini, "Mzee, hiyo ni lango la boma. Ng'ombe wanatoka, hawaingii. Lango limekwama upande mmoja."

Bartholomew alimgeukia akamtazama vizuri. "Wewe Mire, ungekuwa fundi. Ndani kuna kilango kweli, kinaitwa rilei, kidogo kama kidole. Ukiongea kinaruka huku, ukinyamaza kinarudi huku usikie. Kinarudi, lakini hakigusi vizuri. Mama Mutheu, bisibisi!"

Saa tisa na dakika kumi na nane. Alichomoa redio kwenye ukuta, akafungua skrubu moja, mbili, kumi na mbili. Akatukataza tusiguse: umeme unabaki humo hata ukichomoa. Akaweka chuma chenye mpini wa mpira mahali fulani, ikalia PAA, cheche ya buluu, Erastus akaruka akakanyaga mguu wangu. Akainua kifuniko kikubwa, akawasha tochi, akainamia.

Halafu akaingiza kidole ndani.

"Imeungua," akasema.

Alitutolea kidole. Kilikuwa na unga wa kijivu. "Tazameni. Rilei yote imejaa unga wa kuungua. Labda radi ya jana. Hii ikiungua ni ya kuagiza ng'ambo. Machakos hakuna, Nairobi sijui." Akakaa kwenye kiti, mikono kwenye magoti, na uso wake ulikuwa uso wa mzee. Mire alisimama, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikikitazama kile kidole. Nilikijua kile kijivu. Nimekichekecha mimi mwenyewe, na chekecheke langu, Jumatatu.

Sasa nitakwambia kitu ambacho kule soko la mbuzi hakisimuliwi kuhusu Mama Jivu. Nilifikiria kunyamaza. Ndiyo! Kwa muda wa pumzi mbili tatu, nilifikiria kunyamaza. Radi ingelaumiwa. Nani angejua? Nilimwogopa Mire, si Bartholomew. Nilimwogopa huyu baba aliyetupa mgongo, nitamwambia nini, kwamba mtoto wake anakufa kwa sababu ya kunde zangu? Kisha nikafikiria yule msichana Nimco, siku mbili za uchungu, na mimi nimezaa wanne, nazijua.

"Haijaungua," nikasema.

Bartholomew akainua kichwa. "Mama Mutheu, niache."

"Haijaungua! Ni jivu langu! Jivu la mbegu! Nilianika kunde hapo juu mkiwa nje, nikizungusha ungo, limeingia kwa matundu. Nuse! Nuse kama ni ya kuungua!"

Alinusa. Akaonja hata, kwa ncha ya ulimi. Nilikaza mwili nikingoja kelele, na ningezistahili. Mire alikuwa amegeuka ananitazama, na macho yake sikuweza kuyatazama.

"Jivu," akasema Bartholomew. Kisha akaruka kutoka kwenye kiti kama kijana. "Ni jivu! Jivu tu! Kalunde, ni jivu!" Sijui mara ya mwisho kuniita Kalunde ilikuwa lini. "Sauti ya kutoka ina nguvu, inapita. Sauti ya kuingia ni ndogo, kavumbi kadogo tu kanaizuia. Karatasi! Nataka karatasi ngumu, nyembamba, isiyo na nyuzi!"

Nikakimbilia gazeti, akasema laini sana. Erastus akatoa bahasha mfukoni, laini. Saa ilikuwa tisa na nusu na dakika tano. Bartholomew akatazama ukutani. Akanyoosha mkono, akabandua ile kadi ya Finlandi, ile ile, akachukua mkasi wangu akaikata kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti. Hakusita. Erastus akapuliza jivu kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba, mimi nikashika tochi, Mire akashika kifuniko, na Bartholomew akakibana kile kipande kwenye kilango, akakivuta pole pole. Kikatoka cheusi. Akakata kingine. Kikatoka kijivu. Akakata cha tatu, cha nne. Cha tano kikatoka cheupe.

"Msifunge. Plagi!"

Nikachomeka. Dakika moja ya kungoja zile valvu zipate moto, wewe! Dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko mimba zangu zote nne. Mire alikuwa anaomba chini chini. Mimi pia nilikuwa naomba, na Erastus ambaye haendi kanisani alikuwa amevua kofia.

Redio ikanguruma! Ilinguruma chumba kizima, kelele za dunia yote, miluzi, watu wa lugha za mbali, radi za Tana! Nilipiga kigelegele kabla hata sijajua ninakipiga. Bartholomew akazungusha mahali pake, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa kumi kasoro dakika kumi na sita.

Ikafika kasorobo. Ikapita nusu dakika.

"...Mzee Bartholomew, Mzee Bartholomew." Sauti ndogo, inafifia, lakini ni yeye. "Sijui kama unanisikia. Kiwanja ni kikavu, nimekitembea chote, upande wa mashariki kuna dimbwi, atue kutoka magharibi. Waambie waje. Nimco bado..." Ikakatika hapo. Betri.

Bartholomew alikuwa ameshafika kwenye simu. Alizungusha namba mara tatu, na ya tatu ikapita. Alipiga kelele mpaka nadhani Nairobi wangemsikia bila waya: kikavu, atue kutoka magharibi, dimbwi mashariki. Kisha akasikiliza. Akaweka simu chini, akasema, "Rubani anaenda kwa ndege sasa hivi."

Mire alinijia. Nikarudi nyuma hatua moja, nasema kweli, nikafika ukutani. Akasimama mbele yangu. "Mama Mutheu," akasema, "ungenyamaza, mimi nisingejua maisha yangu yote. Wallahi, nisingejua." Akaweka mkono kifuani. Akatoka nje kulia peke yake, na mimi nikaenda jikoni kulia peke yangu.

Nimco alipasuliwa Nairobi usiku ule ule. Mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Baada ya mwezi waliletwa kwetu, na Mire alikuwa ameshaimwaga hadithi soko zima, ndipo nikaitwa hilo jina. Nimco alinipa mtoto nimshike kabla hata hajakaa. "Wewe ndiye mama wa jivu?" akaniuliza. Nikasema ndimi, nitafanyaje.

Lakini Bartholomew hakunigombeza. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nilingoja mpaka nikaanza kukasirika. Mtu akikosewa si aseme? Nikadhani ameliweka moyoni, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Mwezi wa pili, jua limerudi, niliingia chumba kile kufagia, yeye yuko nje kwa mkaratusi wake. Juu ya redio palikuwa na rafu mpya ya mbao, imepigiliwa ukutani, juu tu ya joto, na chini yake ameweka bati pana kukinga kila kinachoanguka. Haikuwa na kitu. Nikajua ni ya nini, ungo wangu ulikuwa unatoshea kabisa.

Na daftari lake lilikuwa wazi mezani. Ni lazima aandike kila anachofanya na redio hiyo, ni sheria ya leseni, na wakaguzi wa serikali wakija hulisoma. Sikuwahi kulisoma mimi. Nilifungua nyuma mpaka ile Alhamisi. Mwandiko wake mdogo, wa fundi: Saa tisa, haipokei. Sababu, jivu kwenye rilei. Rilei ilikuwa na kifuniko chake cha plastiki, nilikitoa mimi mwaka wa tisini na nne nikaona uvivu kukirudisha. Kosa ni langu. Aliyeligundua ni mke wangu Kalunde.

Nilikaa kwenye kiti chake. Ukutani, mahali pa ile kadi ya Finlandi, alikuwa amebandika picha yetu ya harusi.